Mfumo ukiwa chini, mgonjwa asubiri? Tujadili

Wakuu habari zenu, naomba tujadili hili bila matusi.

Wiki iliyopita nimempeleka bi mkubwa hospitali moja (jina naliacha), presha imepanda, saa mbili asubuhi tuko dirishani, dada anatuambia mfumo wa kompyuta uko chini subirini. Tukasubiri. Saa nne bado, kumbe control namba (ile namba ya kulipia serikalini) hazitoki, na bila control namba hulipi, usipolipa maabara hawakupokei, wakati mimi hela taslimu ninayo mkononi. Faili la karatasi walishaacha kitambo kwahiyo hata daktari hajui mara ya mwisho alimpa dozi gani. Kilichotuokoa ni kidaftari cha mama, anaandikaga vidonge vyake vyote mle.

Sasa msije kusema napinga teknolojia. Enzi za hela mkononi tunazijua, risiti hupewi na hela inaishia mifukoni mwa watu, GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendesha hospitali, ilivyoingia kwenye vituo vya halmashauri angalau makusanyo yanaonekana. Na m-mama, ile huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, ndo kabisa, mjamzito kijijini akizidiwa inapigwa 115 bure, ambulensi ikikosekana anafuatwa na dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Pale kinachohitajika kwa mgonjwa ni kitochi tu, basi.

Shida yangu ni pale mfumo unapogeuka geti. Mtasema dharura wanapokelewa hata bila malipo, sawa, ila nani anaamua kwamba hii ni dharura, yule dada wa dirishani? Mama yangu alikuwa amekaa kimya kwenye benchi, anaonekana mzima kabisa.

Watu wa IT najua mnakuja, seva iwekwe hapohapo hospitali ifanye kazi bila intaneti. Naafiki, tena baada ya ile Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima ilitakiwa hili liwe lishafanyika kila mahali. Lakini umeme ukikatika je, na jenereta haina mafuta?

Mimi nasema kila kituo kiwe na fomu za karatasi na kitabu cha stakabadhi chenye namba, mfumo ukizima tu vinatoka kabatini, ukirudi taarifa zinaingizwa. Watakaoiba wataiba, ila kitabu chenye namba kinakagulika, na wizi wa hela unafidika, saa mbili za mtu mwenye presha hazifidiki.

Wa hospitali mliomo humu, hivi mfumo ukianguka mna maelekezo rasmi au kila mtu anajiongeza? Na wewe unayeona karatasi ni kurudi nyuma karibu ubishe, nipo.

Mama anaendelea vizuri, ila kidaftari chake sasa hivi hata mimi hanishikishi.