Ujerumani wanakata hadi mgongo, Dubai hawakati hata senti: niende wapi?

Mama Junia:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni nesi wa diploma, mwaka wa saba sasa hospitali binafsi hapa Dar. Mkataba unasema 850,000. Nikitolewa NSSF na kodi naondoka na 695,000 na ushee. Nina mtoto wa miaka sita, yuko Moshi kwa mama yangu.

Nimepata sehemu mbili. Ya kwanza hospitali mji mdogo karibu na Dortmund, yuro 3,000 kwa mwezi vyeti vyangu vikishatambuliwa (Kijerumani nipo ngazi ya B1, nasoma B2). Ya pili kliniki Dubai, dirham 6,000, kodi hakuna. Kaka yangu kashaamua: anasema Ujerumani ni kulima shamba la mtu, nusu ya mavuno anachukua mwenye shamba. Nahitaji wanaoishi huko, siyo waliosimuliwa. Naomba kuwasilisha.

Mchagga wa Ruhr:
Nusu siyo kweli, dada, mimi nipo huku Ujerumani. Kwa 3,000, bila mtoto wala mume pale, utapokea kama 2,070. Inayokatwa kwa kodi yenyewe haifiki hata 300. Mzigo mkubwa ni michango: pensheni 9.3%, bima ya afya, ya kukosa kazi, na ya kutunzwa uzeeni. Mwajiri naye anachangia sehemu yake.

Sasa hiyo bima ya afya nikwambie ilivyonifaa. Mwaka juzi niliteguka mgongo. Nikalala nyumbani wiki tisa. Sita za kwanza mwajiri alilipa mshahara kamili, tatu zilizobaki bima ikalipa, pungufu kidogo. Sikupigia mtu simu kuomba mchango.

Halafu jambo dogo: ukienda kujiandikisha manispaa utakuta kisanduku cha dini. Mimi kwa furaha nikaandika Mlutheri, maana ni KKKT tangu ubatizo. Mwezi uliofuata naona kodi ya kanisa! Ni 9% ya ile kodi, siyo ya mshahara, kama yuro 25 hivi. Lakini sadaka ya kukatwa na serikali sikuwa nimewahi kuiona.

Otieno_K:
😂😂 Huku Kenya tumezoea. SHIF ya bima ya afya 2.75%, makato ya nyumba 1.5%, NSSF, halafu kodi ya PAYE. Payslip yangu ni kama orodha ya wafiwa.

Dada wa Deira:
Mama Junia, fungua mkataba wa Dubai uangalie mshahara wa msingi ni ngapi. Usiniambie 6,000, hiyo ni jumla.

Mama Junia:
Msingi 3,500. Nyumba 2,000, usafiri 500.

Dada wa Deira:
Nilijua. Kiinua mgongo kinapigwa kwa msingi tu, siku 21 kwa kila mwaka katika ile mitano ya kwanza. Yaani 2,450 kwa mwaka. Ukikaa mitatu unaondoka na 7,350, basi. Pensheni ya wageni hakuna. Ukiumwa baada ya kipindi cha majaribio kazini una siku 90 za ugonjwa kwa mwaka: 15 mshahara kamili, 30 nusu, 45 bila kitu. Kazi ikiisha na viza inaanza kuhesabu siku.

Sisemi pabaya. Mimi nipo Dubai mwaka wa tano na nimejenga Kibaha, kwa sababu naishi chumba kimoja na wenzangu wawili na sina mtoto huku. Ukimleta mwanao, shule ni ya kulipia, bima yake juu yako, na chumba cha watu watatu hakifai. Hizo 6,000 hutaziona.

Mama Junia:
Basi nimwache kwa bibi yake nikusanye miaka mitatu? Na Ujerumani nikimwacha Moshi, ile posho ya watoto wanayowapa wazazi wanalipa?

Mchagga wa Ruhr:
Hawalipi. Mtoto awe anaishi huku. Akija unapata ile posho, 2025 ilikuwa yuro 255 kwa mwezi, anaingia kwenye bima yako bila nyongeza, shule ya serikali bure, na wewe mwenyewe unahamia daraja la kodi la mzazi anayelea peke yake, makato yanapungua. Akibaki Moshi unalipia mfumo ambao yeye hautumii. Hapo ndipo maneno ya kaka yako yanapopata uzito.

Na ukirudi nyumbani kabla hujachangia miezi 60, unaweza kudai michango yako ya pensheni, ila unangoja miaka miwili baada ya kuondoka, na ya mwajiri hurudishiwi. Ukifikisha 60 usidai, subiri uzeeni utalipwa hata ukiwa Marangu.

Mzee Kibo:
Binti, mama yako ana umri gani?

Mama Junia:
71, mzee wangu. Na magoti yamekuwa mabaya.

Mzee Kibo:
Basi miaka mitatu kwake ni mirefu kuliko kwako. Na baba wa mtoto? Karatasi za malezi unazo?

Mama Junia:
Baba yake alishakubali, ila kwa mdomo. Nitamtafuta aandike. Dada wa Deira, asante, nilikuwa nahesabu 6,000 zote. Kliniki nitawaandikia kesho kwamba hapana. Halafu niende RITA kumtafutia mtoto cheti cha kuzaliwa, maana nimepekua sanduku zima jioni hii na karatasi pekee ya mtoto niliyonayo ni tangazo la kizazi la hospitali, tena limelowa chai.