Mpunga ghalani: niuze wote sasa au kwa mafungu?

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa biashara ya mazao.

Nilinunua magunia 140 ya mpunga wakati wa mavuno, nikayaweka ghalani Ubaruku, Mbarali, mkoani Mbeya. Mwaka jana nilisubiri bei ipande hadi Januari. Ikashuka, mtaji ukakatika, iliniuma sana. Safari hii sitaki kubashiri. Nimekoboa magunia 30, nikauza mchele, nikalipa kodi ya ghala na usafiri. Haya 110 ndiyo yananinyima usingizi, maana mvua, vibali vya kuvusha mpakani au mchele wa nje vinaweza kugeuza soko ndani ya wiki.

Je, mnaamuaje kutoa fungu jingine: kwa bei, kwa tarehe au kwa hali ya mfuko? Na mnabakiza taslimu kiasi gani kabla ya kununua tena?