Watafiti wa mwani Mlingotini, Bagamoyo: waendelee kuja, au hela wapewe kina mama?

Binti Mlingotini: Bamvua hii, maji yalipokupwa sana, nimeshuka shamba nikakuta kotonii, mwani tunaolima, imekuwa nyeupe kama mshumaa, ukiigusa inakatikia mkononi. Kaskazi ndiyo balaa, maji yakipwa saa tano unakanyaga uji wa moto. Jana wamekuja tena: wa bahari, wa uchumi, wa jamii, gari moja. Wanasema tuhamie maji marefu. Utafiti huo unatusaidia, au hela yake ingenunua mtumbwi?

Msomi wa Kaole: Dada, bila watafiti mngejua ni joto? Kotonii haivumilii joto, ile aina nyingine ya mwani, spinosamu, angalau. Limeni hiyo. Na maji marefu kweli hayachemki ovyo. Shida nyie wanawake hamjui kuogelea.

Mama Zuhura: Nani hajui kuogelea? Njoo Jumamosi tupige mbizi, wewe ubebwe na mimi.

Binti Mlingotini: Na spinosamu bei yake ilivyo ndogo unaijua, au umeisoma tu?

Msomi wa Kaole: Nimesema kwa ujumla jamani.

Mama Zuhura: Kwa ujumla na mama yako yumo? Watu wa Paje kule Unguja walianza kulima 1989, nasi tukafuata, hajafa mtu.

Chumbageni Tu: Huku kwetu Tanga mnajua Maziwe? Kilikuwa kisiwa cha mivinje, kasa wanataga. Leo maji yakijaa hakipo. Mnabishania kuogelea!

Pangani Damu: Maziwe ni Pangani, si Tanga.

Chumbageni Tu: Pangani iko mkoa gani, Kigoma?

Pangani Damu: Mkifaidi ni Tanga, tukizama ni Pangani.

Msomi wa Kaole: Turudi kwenye mada. Ndiyo maana wanakuja wa fani mbalimbali. Wa bahari anapima joto, wa jamii anauliza nani ataweza kufika huko.

Mama Zuhura: Huyo wa jamii jana kaniuliza nina watoto wangapi. Hakuniuliza mtumbwi wa nani. Na mitumbwi karibu yote pwani hii ni ya wanaume.

Msomi wa Kaole: Hapo nakubali. Hilo lingeulizwa mwanzo.

Mama Zuhura: Na kuogelea?

Dau la Babu: Mimi mtumbwi ninao. Elfu kumi kwenda na kurudi, mwani nabeba mimi.

Binti Mlingotini: Kumbe ndiyo maana siku nzima kimya. Elfu tano, na safari ya upande mmoja tuvute kasia sisi.

Dau la Babu: Saba.