Mbona barabara inavunjika Machi na si Januari?

Dereva Mdogo:
Habari zenu wakuu. Napeleka vifurushi hapa Minnesota, Marekani. Januari ilipiga baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri na barabara ilikuwa nzima. Sasa ni Machi, theluji inayeyuka, na mashimo yanaota kila kukicha. Jana moja limenipasulia tairi la mbele na kupinda rimu. Nilijua baridi ndiyo inayovunja lami, sasa mbona inavunjika joto likianza? Na vile viraka wanavyoweka, mbona havikai?

Fundi Lami:
Pole sana mdogo wangu. Niko kwenye kikosi cha kukarabati barabara jimbo hilo hilo, kwa hiyo hili nalishika kwa koleo.

Baridi tupu siyo inayoleta mashimo haya. Ardhi ikishaganda na kubaki hivyo, inabeba lori vizuri kuliko hata kiangazi. Shida ni kuganda na kuyeyuka kwa kupokezana. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9. Machi mchana yanaingia kwenye ufa, usiku yanaganda na kuupanua, kesho yake yanaingia mengi zaidi.

Lakini kubwa liko chini. Udongo wa chembe ndogo ndogo unapoganda unavuta maji kutoka chini, kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Yanajikusanya kuwa matabaka ya barafu na kuinua barabara. Mmarekani mmoja, Stephen Taber, alilionyesha hili miaka ya 1920 kuelekea 1930: badala ya maji alitumia benzini (kimiminika cha kemia, benzene, si petroli), ambayo ikiganda husinyaa, na bado udongo uliinuka. Kwa hiyo si kutanuka tu, ni maji yanayovutwa.

Sasa Machi barafu inaanza kuyeyuka kutoka juu. Chini bado kumeganda, maji hayana pa kwenda, yanabaki chini ya lami. Nikisafisha shimo siku kavu kabisa, hakuna mvua, nakuta maji yanachuruzika kutoka pembeni, na kwenye nyufa za jirani kuna tope jembamba lililotoka juu kila lori lilipokanyaga. Ukiona tope hilo, ujue kokoto za chini zimeshapoteza ushikamano na lami inaning'inia. Lori linalofuata ndilo linaitumbukiza.

Ndiyo maana kila msimu huu wa barafu kuyeyuka jimbo linapunguza uzito unaoruhusiwa kwa kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, kwenye barabara nyingi. Majaribio makubwa ya Ottawa, Illinois, 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba ekseli ikizidishwa uzito mara mbili, uharibifu unakaribia mara 16. Gari lako dogo halina kosa hapo.

Viraka: majira ya baridi mitambo mingi ya lami ya moto imefungwa, tunatumia lami baridi, tena ndani ya shimo lenye maji. Haishiki. Tunaiweka ili watu wasiumie, lami ya moto ikirudi tunakata kingo, tunakausha na kushindilia upya. Kinachoniuma ni nyufa kuachwa wazi vuli nzima. Kuziba ufa Oktoba ni kazi ndogo mno ukilinganisha na hii ya Machi.

Mama wa Moro:
Kaka, huku Morogoro hatujui barafu barabarani, lakini masika yakiisha mashimo tunayo tele. Inakuwaje?

Fundi Lami:
Dada, adui ni yule yule, maji. Mtaro ukiziba kwa taka, maji yanakaa pembeni ya barabara na kulainisha tabaka la chini, kisha malori yaliyozidisha mzigo yanamalizia. Na penye udongo mweusi wa mfinyanzi ni balaa zaidi: unavimba ukilowa, unapasuka ukikauka, barabara inapinda juu yake. Zibueni mitaro kabla ya mvua, msingoje mashimo.

Dereva Mdogo:
Asante sana kaka. Nikiliona shimo kwa ghafla nifanyeje?

Fundi Lami:
Shika breki kabla, achia unapoingia, ushike usukani sawasawa. Breki ikishikwa ndani ya shimo uzito mwingi unaangukia tairi za mbele. Usichepuke kwenda njia ya mwenzako. Na dimbwi lolote la Machi lihesabu kuwa ni shimo. Hilo gari kalipime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, kabla hujarudi kazini, rimu ikipinda mara nyingi na alaimenti imehama.