Tangazo la runinga wakati macho yako kwenye simu: nilipie pande zote mbili?

Fundi wa Makochi, Kisumu:
Ninatengeneza na kuuza makochi hapa Kibuye. Wakala mmoja wa matangazo ananishawishi nilipie tangazo fupi la runinga wakati wa taarifa ya saa moja usiku, kisha nilipie pia matangazo ya mitandao ya kijamii yatakayotokea kwenye simu za watu dakika hizohizo, kwa madai kwamba mtazamaji tukimkosa kwenye skrini moja tutampata kwenye nyingine. Ninachokiona nyumbani ni kwamba matangazo yakianza, kila mtu huinamia simu yake hadi msomaji wa habari arudi. Je, nilipie zote mbili?

Mkaazi wa Nakuru:
Ndugu fundi, aliyeinamia simu hajaziba masikio. Matangazo mengi huchezwa kwa muziki mtupu, na jina la duka huandikwa tu mwishoni, pale ambapo hakuna anayetazama. La kwako litaje kwa sauti jina, Kibuye na bei, tena mapema. Pia usiweke ujumbe tofauti kwenye kila skrini. Mwaka 2009, Eyal Ophir, Clifford Nass na Anthony Wagner wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba watu waliozoea kutumia vyombo vingi vya habari kwa wakati mmoja walikuwa dhaifu zaidi katika kuchuja yasiyowahusu na katika kuhama kutoka kazi moja hadi nyingine. Mteja wa namna hiyo umwonyeshe kochi lilelile, lenye rangi ileile, kwenye runinga na kwenye simu.

Mama Duka, Kakamega:
Mimi naona faida ya simu ni kwamba mteja anaweza kukuuliza bei papo hapo. Mwaka 2022, kwenye Super Bowl, fainali ya ligi ya kandanda ya Kimarekani, kampuni ya sarafu za kidijitali ya Coinbase ilirusha tangazo la dakika moja ambalo karibu lote lilikuwa msimbo wa QR (ule mraba wa vidoa unaosomwa kwa kamera ya simu) ukielea kwenye skrini nyeusi. Watu walielekeza simu zao kwa wingi hata huduma ya kampuni ikalemewa kwa muda. Sasa wewe, saa moja na nusu usiku duka likiwa limefungwa, nani atajibu ujumbe wa WhatsApp? Na tafadhali tumia picha iliyoandikwa bei, kwa sababu video inakula bando na wengi wataipita.

Msikilizaji wa Redio, Bungoma:
Mwulize wakala hizo "dakika hizohizo" anazipataje. Ama anafuata ratiba ya kituo, ama ana programu inayotambua sauti ya tangazo linaporushwa, kisha inanunua nafasi kwenye simu. Kwa njia hizo mbili anajua tangazo limeruka hewani, lakini hajui kama mwenye simu yuko mbele ya runinga. Isitoshe, kituo cha kitaifa kitakutoza kwa watazamaji wa hadi Mombasa, ambao hawatasafirisha kochi kutoka Kibuye. Mimi ningeiacha runinga, nichukue redio ya hapo Kisumu, na matangazo ya simu niyawekee mipaka ya Kisumu na miji ya jirani.

Fundi wa Makochi, Kisumu:
Asanteni sana. Suala la Mombasa wakala hakuligusa kabisa. Nitaomba bei za redio kwanza, na binti yangu amekubali kushika simu ya duka jioni.