Mdogo wangu amekamatwa Houston akiendesha gari amelewa: nini kitampata mahakamani, kwenye leseni na kwenye ukaazi wake?

Dada wa Kibosho aliuliza:

Ndugu zangu, poleni na majukumu. Naandika kwa niaba ya mdogo wangu, ambaye usiku wa kuamkia Jumapili iliyopita alisimamishwa na polisi kusini-magharibi mwa Houston, Texas, mnamo saa saba, alipokuwa akirejea nyumbani kutoka kwenye sherehe ya kipaimara. Alikuwa peke yake na hakumgonga mtu wala kitu, lakini askari alisema gari lilikuwa likiyumba na kuvuka mstari. Kituoni alikubali kupulizia kipimo, nacho kikaonyesha kiwango cha kilevi cha 0.11. Alilala mahabusu, akatoka kwa dhamana, leseni yake ikabaki kwa polisi, naye akapewa karatasi ambayo hakuisoma kwa makini kwa aibu na uchovu aliokuwa nao.

Ana green card, yaani ukaazi wa kudumu, kwa mwaka wa nne sasa, anaendesha lori kwa leseni ya CDL, yaani leseni ya magari ya kibiashara, na alikuwa amepanga kuomba uraia mwakani. Hajawahi kukamatwa kwa kosa lolote. Kanisani wapo wanaomwambia kwamba atarudishwa Tanzania, na wapo wanaomwambia kwamba ni faini tu kama ya kupita taa nyekundu. Mama yetu bado hajaambiwa. Nawaomba wenye ujuzi wa jambo hili watuelekeze, kwa sababu hatujui hata tuanzie wapi.

Mzee wa Sugar Land alijibu:

Pole sana dada. Rafiki yangu wa karibu alipatwa na jambo hilo hilo hapa hapa Texas. Wakili wake alizungumza na mwendesha mashtaka, akapewa utaratibu ambao mtu anakiri kosa, lakini hakimu hamtii hatiani. Anamweka chini ya uangalizi kwa muda, na akimaliza masharti bila tatizo shauri linafutwa. Leo rafiki yangu anaendelea na maisha yake. Ushauri wangu ni kwamba mdogo wako akipewa nafasi hiyo aikubali mapema, ili jambo hili liishe.

Karani wa Sheria alijibu:

Dada, mimi si wakili, lakini nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili mjini Houston kwa miaka kadhaa, na mashauri ya aina hii yamepita mezani kwangu mara nyingi. Kabla ya yote, tafuteni ile karatasi leo hii. Ndiyo taarifa ya kusimamishwa kwa leseni, na tangu siku aliyokabidhiwa ana siku 15 tu za kuomba kusikilizwa. Asipoomba, leseni itasimamishwa siku ya 40 bila mtu yeyote kumwita wala kumuuliza, na kwa aliyepima na kufika au kuzidi kikomo cha 0.08 kwa mara ya kwanza, kusimamishwa huko ni kwa siku 90. Akiomba ndani ya muda, leseni haisimamishwi mpaka hakimu wa masuala ya kiutawala atoe uamuzi, na wakili anapata nafasi ya kumhoji askari aliyemkamata, jambo linalosaidia sana baadaye katika shauri la jinai. Karatasi hiyo ndiyo pia kibali chake cha muda cha kuendesha, kwa hiyo asiitupe. Nimeona watu wengi wakipoteza haki hii kwa kudhani kwamba tarehe ya mahakamani ndiyo tarehe pekee ya kuangalia. Shauri la leseni ni jingine kabisa, na linaweza kumwendea vibaya hata kama lile la jinai litafutwa.

Kuhusu alichosema Mzee wa Sugar Land, namheshimu, na ni kweli kwamba tangu Septemba 2019 sheria ya Texas inaruhusu utaratibu huo kwa kosa la kwanza la DWI, yaani kuendesha ukiwa umelewa, ambalo kilevi hakikufika 0.15. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inamnyima nafasi hiyo mtu aliyekuwa na leseni ya CDL siku ya kosa, hata kama alikuwa anaendesha gari lake dogo la nyumbani. Hata kama isingekuwa hivyo, bado ningewasihi msiukimbilie. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, tangu ilipobadilishwa mwaka 1996, ina maana yake yenyewe ya neno kutiwa hatiani: mtu akikiri kosa mbele ya hakimu, kisha hakimu akampa adhabu au sharti lolote linalobana uhuru wake, basi kwa macho ya uhamiaji ametiwa hatiani, hata kama mahakama ya Texas baadaye itaandika kwamba shauri limefutwa. Ndiyo maana makubaliano yaliyo mazuri kwa mzaliwa wa hapa yanaweza yasiwe mazuri kwa mgeni, na wakili wa jinai asiyeuliza mteja wake ni raia wa wapi anaweza kumwingiza kwenye shimo kwa nia njema kabisa. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 2010, katika shauri la Padilla, kwamba wakili wa mshtakiwa ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia kama kukiri kosa kunaweza kumletea hatari ya kufukuzwa nchini. Mdogo wako adai haki hiyo waziwazi.

Sasa kuhusu hofu kubwa. Kosa moja la kawaida la kuendesha ukiwa umelewa, lisilo na ajali, lisilo na mtoto ndani ya gari, na lisilotendwa wakati leseni imefungiwa, kwa sheria ilivyo halimfanyi mwenye ukaazi wa kudumu astahili kufukuzwa. Mwaka 2004, katika shauri la Leocal, Mahakama Kuu iliamua kwamba kosa la namna hii, hata pale lilipojeruhi watu, si kosa la matumizi ya nguvu kwa maana ya sheria ya uhamiaji. Wanaosema kesho atapandishwa ndege wanamwongezea mateso bure. Lakini uraia ni habari nyingine. Fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama shauri lilifutwa, na kuficha ni kosa baya kuliko lile la awali. Ombi haliwezi kukubaliwa wakati mtu yuko kwenye kipindi cha matazamio, yaani yuko nje chini ya uangalizi wa mahakama, na tangu mwaka 2019 mtu mwenye hukumu mbili za namna hii ndani ya miaka inayochunguzwa anachukuliwa kuwa hana mwenendo mwema mpaka athibitishe vinginevyo. Hukumu moja haimfungii mlango, ila itamchelewesha.

Mahakamani, kwa kipimo cha 0.11, hilo ni kosa la daraja B: kifungo cha kuanzia saa 72 hadi siku 180 na faini isiyozidi dola 2,000. Juu yake kuna faini ya serikali ya jimbo ya dola 3,000 anayotozwa kila aliyetiwa hatiani kwa mara ya kwanza, na ambayo hakimu anaweza kuisamehe kwa asiye na uwezo. Kwa kosa la kwanza wengi hupewa kipindi cha matazamio badala ya jela, pamoja na mafunzo ya saa 12 kuhusu ulevi na udereva. Kama kipimo kingefika 0.15, lingekuwa daraja A, kifungo kinafika mwaka mmoja, na ile faini ya jimbo inakuwa dola 6,000.

Dereva wa Masafa alijibu:

Naongeza upande wa lori, kwa kuwa ndipo ugali wa familia yake ulipo. Kwa kanuni za serikali kuu, akitiwa hatiani CDL inafungiwa mwaka mmoja, hata kama kosa alilitenda na gari lake binafsi. Mara ya pili ni kufungiwa maisha. Leseni ya kazini ambayo mahakama za Texas huwapa watu waende kazini haimruhusu kuendesha lori la kibiashara, kwa hiyo asidanganyike kwamba ataendelea na safari zake. Pia asome mkataba wake na kampuni, kwa sababu dereva anatakiwa kumjulisha mwajiri leseni inaposimamishwa, na asiyefanya hivyo huongeza kosa juu ya kosa. Nilikaa nje ya barabara mwaka mzima kwa sababu kama hii. Nilibeba mizigo ghalani usiku, na kilichoniumiza zaidi ya malipo duni ni kwamba hakuna aliyenieleza mapema nianze kuweka akiba.

Dada wa Kibosho aliandika tena:

Nimesoma huku natetemeka, lakini sasa naona njia. Naomba kuuliza mawili. Je, alikosea kukubali kupima? Na alikuwa amekata tiketi ya kwenda Moshi mwezi Desemba, je, asafiri?

Karani wa Sheria alijibu:

Kukataa kusingemwokoa. Anayekataa kwa mara ya kwanza husimamishiwa leseni siku 180 badala ya 90, kukataa kwake kunaweza kutajwa mbele ya baraza la mahakama, na CDL yake ingefungiwa mwaka kwa kukataa kwenyewe. Zaidi ya hayo, polisi wa huku huomba hati ya hakimu usiku huo huo, wakachukua damu. Kilichofanyika kimefanyika, na wakili ataangalia kama mashine ilitunzwa vizuri na kama askari alikuwa na sababu halali ya kumsimamisha.

Safari isubiri. Asome masharti ya dhamana, maana mengine yanamkataza mtu kutoka nje ya kaunti au jimbo, na akikosa tarehe ya mahakama kwa sababu yuko Moshi, hati ya kumkamata itatolewa, na hiyo ndiyo atakayokutana nayo uwanja wa ndege. Shauri likiisha, azungumze kwanza na wakili wa uhamiaji ndipo akate tiketi nyingine.

Dada wa Kibosho aliandika tena:

Karatasi imepatikana ndani ya gari, chini ya kiti. Leo ilikuwa siku ya tisa. Wakili amepeleka ombi la kusikilizwa saa nane mchana, akatupa nakala yenye tarehe, na Alhamisi tunakutana naye pamoja na mwenzake wa uhamiaji. Tiketi imeahirishwa. Mdogo wangu ameomba nimsindikize kumpigia mama simu jioni hii.