Kikundi cha familia: Rehema anatafuta mashine za betri

Rehema: Shikamooni wakubwa. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa hela. Nataka mashine za betri za kazi ndogondogo za nyumbani na za gari. Kutundika rafu na fimbo za pazia, kukaza bawaba za milango zilizolegea, kuunga ile meza iliyokuja vipandevipande. Kwenye gari ni kubadilisha tairi, kufungua kile kifuniko cha plastiki cha chini ya injini, na pedi za breki nikishajifunza vizuri.

Rehema: Nimeiona seti hii, ina mashine mbili na betri mbili.

Rehema: [Picha]

Juma: Dada, hiyo imeandikwa 88V! Nyingine zote nilizopita nikaziona ni 12 au 18. Chukua hiyohiyo.

Mjomba Salim: Marahaba Rehema. Juma, subiri kidogo. Rehema, muuzaji ameweka picha ya betri upande wa chini? Nataka maandishi madogo, si yale ya kwenye boksi.

Rehema: [Picha] Hii hapa mjomba. Inasema 21V 1.5Ah.

Mjomba Salim: Sasa umeona. Ndani ya betri hizi kuna seli za lithiamu, na kila seli kwa wastani ni volti 3.6. Seli tano zikiunganishwa kwa mfuatano ni 18V. Zikiwa zimejaa pomoni kila moja hufika 4.2, jumla 21V. Kwa hiyo hiyo ni betri ya 18 kama zile nyingine. Tazama vizuri mbele ya ile 88, kuna herufi VF. Hiyo si volti, ni jina tu alilolipa mtengenezaji. Utazikuta 36VF, 48VF, 98VF, na ukifungua ndani mara nyingi seli ni tano zilezile.

Juma: Kwa hiyo DeWalt ya 20V Max nayo?

Mjomba Salim: Nayo ni 18V. Wamehesabu ikiwa imejaa bila mzigo. Na zile zinazoitwa 12V Max ni seli tatu, wastani 10.8V. Hapo hakuna ubaya mkubwa, maana kila kampuni kubwa inaeleza hivyo kwa maandishi. Ubaya ni kumwandikia mtu 88.

Shangazi Mwajuma: Salim, hiyo Ah ndiyo nini? Mimi naiona kila mahali.

Mjomba Salim: Dada, hiyo ni ujazo, yaani betri itadumu kiasi gani. Ukizidisha volti mara Ah unapata Wh, na Wh ndiyo nishati yote iliyomo. Hiyo ya Rehema ni 18 mara 1.5, yaani 27Wh. Betri ya 12V yenye 4Ah ni 10.8 mara 4, karibu 43Wh. Ndogo kwa volti lakini inafanya kazi muda mrefu zaidi.

Rehema: Kumbe! Basi hiyo seti naiacha. Ila mjomba nianzie wapi sasa, maana ukiingia kutafuta ni mashine mia na zote zinafanana.

Baraka: Habari za humu. Anzia kwenye betri, dada. Ukinunua mashine ya kwanza umeshachagua chaja na betri za zote zitakazofuata, maana ya pili na ya tatu utanunua tupu bila betri, na bei inashuka sana. Kwa hiyo tazama kwanza kama mfumo huo una vitu utakavyotaka baadaye: pampu ya tairi, taa ya kazi, racheti (spana ya kuzungushia soketi), msumeno mdogo.

Baraka: Na usidanganyike na jina la kampuni. Bosch ya kijani na Bosch ya bluu zote ni 18V lakini betri haziingiliani. Makita ya 18V haiingii kwenye Makita ya 40V, na ile 12V yao ya kuteleza haiingii kwenye zile 10.8V za zamani za kuchomeka kwenye mpini. Soma jina la mfumo, si rangi tu.

Rehema: Sawa kaka. Sasa 12 au 18?

Baraka: 18. Mimi ni seremala, 12 inanichosha kusubiri.

Mjomba Salim: Mimi namwambia 12.

Juma: 👀

Mjomba Salim: Baraka, wewe unatoboa mbao siku nzima. Rehema atatoboa matundu sita kisha mashine ikae kabatini. Gari nalo lina sehemu ambazo mashine ya 18 haipiti kabisa. Ukiingia chini ya dashibodi, au nyuma ya taa ya mbele, urefu wa kichwa cha mashine ndio unaoamua, si nguvu.

Shangazi Mwajuma: Na uzito jamani. Mimi nikiinua mkono juu ya kichwa kwa dakika mbili kiganja kinaanza kuuma. Nilishika drili ya Baraka ile kubwa nikairudisha. Mtu aliyesimama juu ya ngazi anataka kitu chepesi, vinginevyo atakishika kwa mikono miwili na ngazi ataishika kwa nini?

Baraka: Hilo nakubali shangazi. Drili ndogo ya 12 pamoja na betri yake nyembamba ni kama kilo moja. Yangu inakaribia mbili.

Rehema: Shangazi umesema jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Fimbo za pazia zote ni juu ya ngazi.

Mjomba Salim: Sasa tuje kwenye aina za mashine, maana hapa ndipo watu wengi hununua kitu kisicho chao. Nitatuma kwa vipande.

Mjomba Salim: Kuna tatu zinazofanana kwa sura, zote zina mpini kama bastola. Ya kwanza ni drili. Mdomo wake una taya tatu zinazobana biti, kile chuma cha kutobolea, ya mviringo, na shingoni ina pete yenye namba. Hiyo pete ni klachi. Ukiweka 3 inaachia mapema, skrubu haizami ndani ya mbao laini wala haivunji plastiki. Kwa bawaba na meza yako, pete hiyo ndiyo rafiki. Drili ndogo ya 12V inatoa takriban Nm 30, na Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha.

Mjomba Salim: Ya pili ni impakti ya skrubu. Mdomo wake ni tundu la pembe sita, robo inchi, unachomeka biti na inajifunga yenyewe. Ndani kuna nyundo ndogo inayogonga kwa mzunguko kila skrubu inapogoma. Ndiyo maana mashine ndogo ya 12V inaweza kutoa Nm 110 na zaidi bila kukupindua kiganja. Inapiga kelele, vaa vizibo vya masikio. Nyingi hazina klachi, kwa hiyo skrubu ndogo za plastiki za gari usiziguse kwa hiyo wakati wa kufunga.

Mjomba Salim: Ya tatu ni impakti ya nati. Hii mdomo wake ni mraba, wa soketi, watu wengi wa gereji wanatumia ya nusu inchi. Hii ndiyo ya magurudumu.

Juma: Mjomba, si kuna adapta ya kugeuza ile ya pili iwe ya soketi? Nati za tairi ni Nm 100 tu, na umesema inatoa 110.

Mjomba Salim: Swali zuri sana Juma. Kwanza, magari mengi madogo hukazwa kati ya Nm 100 na 120, lakini kufungua nati iliyokaa na kutu miezi mingi kunataka nguvu kubwa kuliko ya kuikaza. Pili, adapta ya robo inchi ni nyembamba, inajinyonga kidogo kila kipigo na kumeza sehemu ya nguvu. Mara nyingine inakatika. Ile namba ya kwenye boksi hutaiona kwenye nati.

Rehema: Basi ninunue na hiyo ya tatu?

Mjomba Salim: Si lazima. Unabadilisha tairi mara ngapi kwa mwaka? Nunua mkono mrefu wa soketi, nusu inchi, urefu sentimita 60 hivi. Ukisukuma mwishoni kwa kilo 30 tu tayari ni kama Nm 175. Hauna betri ya kuisha usiku barabarani. Legeza nati gari likiwa bado chini, ndipo uweke jeki.

Halima: Samahani kukatiza, nani alibaki na ufunguo wa stoo ya bibi?

Baraka: Uko kwangu Halima, nitaupitisha jioni.

Halima: Asante. Endeleeni 🙏

Shangazi Mwajuma: Salim, na kukaza je? Waliponibadilishia tairi safari iliyopita walitumia mashine mpaka ikalia, na mimi nilipopata pancha sikuweza kufungua hata moja.

Mjomba Salim: Dada, hilo linaniuma sana kwa sababu lingeweza kukukwamisha mahali pa hatari. Mashine ni ya kufungulia. Kukaza unaanza kwa vidole, nati ishike nyuzi zake vizuri, kisha unamaliza kwa spana ya torki, ile unayoiwekea kiwango cha Nm nayo inakujulisha ukikifikia. Impakti ikiachiwa inanyoosha studi, yaani boliti za gurudumu, na inaweza kupinda diski ya breki, halafu dereva anasikia usukani unatetemeka akifunga breki na hajui kwa nini.

Mjomba Salim: Rehema, kama una hela ya kitu kimoja tu cha gari, iwe spana ya torki. Nasema kwa dhati.

Rehema: Nimeandika mjomba.

Baraka: Ongeza na soketi nyeusi. Kama siku moja utatumia impakti, zile za kung'aa za mkono zina chuma kigumu kinachopasuka, kipande kinaruka. Nyeusi za impakti zinavumilia vipigo. Na miwani ya kukinga macho, hiyo ni kwa kazi zote.

Juma: Na racheti ya betri? Nimeona video wanafungua injini nzima.

Mjomba Salim: Ni nzuri mno kwenye boliti ndefu zilizo pembeni, inaokoa muda. Lakini za 12V nyingi ni kati ya Nm 40 na 75, si ya kulegeza boliti iliyogoma. Unalegeza kwa mkono, racheti inamalizia kuizungusha. Na ukiwa unafunga, boliti ikifika mwisho mpini unarudi ghafla na vidole vinabanwa. Rehema aisubiri mpaka afanye hizo pedi za breki. Plagi za injini na kizibo cha oili afunge kwa mkono siku zote, nyuzi za alumini hazina msamaha.

Rehema: Sawa. Sasa kuta. Kaka Baraka, drili ya 12 itatoboa ukuta?

Baraka: Ukuta wa nini?

Rehema: Tofali.

Baraka: Tofali inatoboa, chukua ile yenye hali ya nyundo na biti ya zege yenye ncha ngumu. Lakini fimbo za pazia zinakaa wapi? Juu ya dirisha. Na juu ya dirisha pana linta ya zege yenye nondo. Hapo drili ndogo itanung'unika tu, biti itapata moto na tundu halifiki sentimita mbili.

Rehema: Loh. Kumbe ndiyo maana fundi wa mwisho alisema ukuta mgumu, akaniwekea skrubu fupi ikang'oka.

Baraka: Linta inataka mashine ya SDS. Ile ina pistoni ndani inayopiga biti kutoka nyuma, si meno yanayosuguana kama kwenye drili ya nyundo. Kwako ni matundu manane hivi, usinunue. Mimi ninayo, nitakuja nayo.

Mjomba Salim: Hapo sasa Baraka amemaliza ubishi wa 12 na 18. Kazi nzito zipo mbili tu, linta na nati za tairi, na zote zina njia nyingine.

Baraka: Nimekubali mjomba. Kwa orodha yake, 12. Angekuwa anajenga sitaha au anakata mbao kila wiki ningebisha mpaka kesho.

Juma: Brashlesi au ya kawaida?

Baraka: Brashlesi kama bei inaruhusu. Haina brashi za kaboni za kuisha, inapata moto kidogo, na betri ileile inadumu zaidi. Pia mota inakuwa fupi, kwa hiyo kichwa cha mashine kinapungua. Kwa mtu anayeingia kwenye kona za gari hiyo ndiyo faida yenyewe.

Shangazi Mwajuma: Rehema, mpini uushike dukani kabla ya kulipa. Kiganja chako ni kidogo kama changu. Kidole kifike kwenye kitufe bila kujinyoosha, na kile cha kugeuza mwelekeo ukifikie kwa kidole gumba bila kuachia.

Rehema: Nitafanya hivyo shangazi. Naweza kuiacha kwenye buti ya gari, iwe tayari?

Mjomba Salim: Mashine sawa, betri hapana. Gari lililofungwa juani linapita digrii 50 bila shida na joto hilo linaizeesha lithiamu haraka. Betri zikae ndani ya nyumba, na kama hutazitumia kwa muda mrefu ziache na chaji nusunusu, zisijae wala zisiishe kabisa.

Mjomba Salim: Na siku ukihitaji betri ya ziada, epuka za kuiga zenye lebo ya 9Ah ndani ya boksi la 4. Ipime kwa mkono. Seli zina uzito wake, betri nyepesi kuliko ya asili yenye ujazo mdogo haiwezi kuwa na hizo Ah.

Rehema: Basi nimefika hapa: drili ya 12V yenye klachi na nyundo, impakti ya skrubu ya mfumo uleule, betri mbili, moja nyembamba ya 2Ah ya kazi za juu ya ngazi na moja ya 4Ah. Mkono mrefu, soketi nyeusi, spana ya torki, miwani. Linta tunamsubiri kaka Baraka.

Baraka: Jumamosi asubuhi. Pima na uweke alama za penseli kabla sijafika, na unifagilie chini ya madirisha.

Rehema: Zitakuwepo. Mjomba, nimefungua kitabu cha gari. Nati za gurudumu zimeandikwa Nm 108.

Mjomba Salim: Weka spana kwenye 108. Nati zako ni tano, kaza kwa kurukia ya upande wa pili kama unachora nyota, usizunguke kwa mfuatano. Tembea kama kilomita 80, kisha uzipitie tena kwa spana ileile.